Gobore la Kuwinda: Baruti Gani Inaingia, na Gani Inaweza Kukumaliza

Kama uko na ndugu ama beshte majuu, hasa pande za Pennsylvania ama Ohio, pengine ushaona hiyo picha. Msee amevaa koti la rangi ya chungwa, amesimama kwa theluji, kulungu mkubwa amelala mbele yake, na mkononi ameshika bunduki inakaa imetolewa kwa makumbusho. Wasee wa huku nyumbani wakiiona wanacheka, wanauliza kama ameingia filamu ya wakoloni. Hakuna filamu hapo. Hilo ni gobore, pengine limenunuliwa dukani mwaka jana, na lina msimu wake wa kuwinda ulioandikwa kwa sheria.

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo. Unamwaga baruti kupitia mbele ya mtutu, unasukuma risasi juu yake kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu, unaweka kitu cha kuwasha moto huku nyuma, halafu unafyatua. Ni shoti moja. Ukikosa, unaanza upya pole pole kama mtu anayechemsha chai, na kulungu ashafika kaunti nyingine.

Sasa mbona mtu asumbuke hivyo na kuna bunduki za kisasa? Sababu kubwa ni msimu. Majimbo mengi ya Marekani yametenga siku za magobore peke yake, mbali na zile za bunduki za kawaida. Ukiwa na gobore unaongeza siku zako porini, na mara nyingi pori halijajaa watu. Kwa hivyo ukipata kazi huko, mbogi ya kazini ikakualika wikendi, kuna uwezekano mzuri utajipata umesimama mbele ya kaunta ya duka la bunduki na muuzaji anakuuliza: unataka baruti gani?

Hapo ndipo watu wengi huchoma. Kwa bunduki ya kawaida unanunua risasi zikiwa tayari, kiwanda kishakupimia kila kitu. Kwa gobore, kiwanda ni wewe. Na mikebe iko mingi kwa rafu, yote ina unga wa rangi ya giza, bei zinakaribiana, na mmoja kati ya hiyo ukiuweka kwa bunduki yako unaweza kukuondoa jicho.

Kabla tuendelee, wewe uliye hapa Kenya: kuwinda kulipigwa marufuku mwaka wa 1977 na bado ni marufuku. Hii makala haikupi ruhusa ya kuingia msitu na kitu cha babu. KWS hawana utani.

Ile isiyoingia kamwe

Tuanze na ile ya hatari, juu ukisahau mengine yote, hii moja usisahau.

Baruti ziko familia mbili. Ya kwanza ni baruti nyeusi, ile ya kale, mchanganyiko wa chumvi ya shura, makaa na kiberiti. Ndiyo iliyopiga vita vyote vya dunia hadi miaka ya 1880. Ya pili ni baruti isiyo na moshi, ambayo Wafaransa waliianzisha jeshini miaka hiyo ya 1880, na ndiyo iko ndani ya karibu kila risasi ya kisasa unayoijua, kutoka bastola ya askari hadi bunduki ya kuwinda nyati.

Baruti nyeusi huwaka kwa kasi ambayo haibadiliki sana hata ikibanwa. Inasukuma risasi kwa nguvu, lakini presha ndani ya mtutu haipandi kiwazimu. Ile isiyo na moshi ni tofauti kabisa. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka kwa kasi zaidi, na ikiwaka kwa kasi inajibana zaidi, na hivyo hivyo mpaka kitu kipasuke. Bunduki za kisasa zimejengwa kustahimili hiyo. Zile za risasi za .30-06, kwa mfano, huruhusiwa kufika paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gobore la kawaida halijajengwa kwa presha kama hiyo. Ukipima baruti isiyo na moshi kwa kikopo kile kile cha baruti nyeusi, umeshika bomu la chuma karibu na shavu lako, na mkono wa kushoto uko juu ya mtutu pale pale litakapopasukia.

Watu husema, "Lakini mimi nitaona tofauti." Hutaona. Baruti isiyo na moshi nyingi ni ya kijivu cha giza ama nyeusi kabisa. Rangi si kitambulisho. Jina "isiyo na moshi" pia linachanganya, mtu anafikiri ni baruti nyeusi iliyoboreshwa kidogo ndio isimchafue. Kitambulisho ni maandishi ya mkebe peke yake. Mkebe lazima useme waziwazi kwamba baruti hiyo ni nyeusi, ama ni mbadala wa baruti nyeusi kwa magobore. Usiposema hivyo, rudisha kwa rafu. Na kama ni mkebe wa beshte, umehamishiwa kwa chupa isiyo na lebo, "nakuapia ni ile ile," mshukuru halafu uende dukani ununue yako. Urafiki si kipimo cha kemia.

Kuna magobore machache sana yaliyotengenezwa makusudi kwa baruti isiyo na moshi. Savage waliuza moja, 10ML. Kama lako ni la aina hiyo, kitabu chake kitakuambia hivyo kwa herufi kubwa na kitakupa vipimo vyake. Kama huna kitabu, jichukulie kwamba si la aina hiyo.

Iulize bunduki kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza baruti gani ni kali. Swali la kwanza linafaa kuwa: bunduki yangu inawashaje moto? Jibu la hilo linaondoa nusu ya mikebe pale kwa rafu kabla hujatoa doh.

Kiswahili kiko na maneno ya haya mambo, ya zamani sana, ya enzi za misafara ya pembe za ndovu ambapo bunduki na baruti zilishushwa Zanzibar na kubebwa hadi bara. Bunduki ya jiwe inaitwa gumegume. Ndiyo, neno lile lile ambalo watu wa pwani na Tanzania hulitumia kwa mume asiye na faida. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaanguka kwa kisahani kidogo chenye baruti, moto unapita kwa tundu hadi ndani ya mtutu. Mambo mengi hapo katikati yanaweza kukataa, na pengine ndiyo sababu ya huyo mume kupewa jina hilo.

Kama una gumegume, stori ya baruti imeisha hapo hapo: ni baruti nyeusi halisi. Cheche ya jiwe ni moto mdogo, na mbadala zote ni ngumu kuwasha kuliko baruti nyeusi. Watu hujaribu kuokoa kwa kuweka mbadala ndani na nyeusi kidogo kwa kisahani, halafu wanaishia na moshi puani na kulungu anawaangalia. Msimu wa Pennsylvania wa baada ya Krismasi ni wa gumegume peke yake, kwa hivyo ukialikwa huo msimu, anza kutafuta baruti nyeusi mapema.

Aina ya pili ni ya fataki, kale kakofia kadogo ka shaba kanakovalishwa kwa chuchu ya bunduki na kugongwa na nyundo. Hii inakubali baruti nyeusi na Pyrodex bila shida. Triple Seven pia inawaka kwa nyingi, ingawa siku ya baridi na unyevu inaweza kuchelewa.

Ya tatu ndiyo utakayoikuta kwa duka lolote sai: gobore la kisasa ambalo kiwashio kiko nyuma ya mtutu moja kwa moja, kwa mstari mmoja na baruti. Kiwashio chenyewe huwa ni praima ya namba 209, ile ile ya risasi za shotgun. Moto wake ni mkali, unawasha kila kitu. Wenye hili gobore ndio wenye uhuru wa kuchagua, na ndio pia wanaochanganyikiwa zaidi.

Nyeusi yenyewe

Baruti nyeusi huuzwa kwa saizi ya chembe, na saizi huandikwa kwa herufi F. F zikiongezeka, chembe ni ndogo zaidi na moto ni wa kasi zaidi. Fg, ya F moja, ni ya mitutu minene sana. FFg ndiyo ya bunduki nyingi za kuwinda za kalibari .50 na kuendelea. FFFg ni ya kalibari .45 kushuka chini, pamoja na bastola, ingawa kuna wawindaji wengi wa .50 wanaoitumia wakipunguza kipimo. FFFFg, ya F nne, ni laini kama kahawa ya kusagwa, na kazi yake ni moja: kile kisahani cha gumegume. Usiishindilie ndani ya mtutu.

Shida ya kwanza ya baruti nyeusi ni kuipata. Sheria inaihesabu kama kilipuzi, kwa hivyo kuihifadhi na kuisafirisha kuna masharti magumu, na maduka mengi makubwa huamua hayataki hiyo kesi. Yanauza mbadala tu. Halafu Marekani yenyewe ilitegemea sana jina moja, GOEX, waliokuwa na kiwanda Louisiana. Mwaka wa 2021 wenye kampuni wakatangaza wanafunga, na wawindaji wa gumegume wakaanza kununua mikebe kama watu wanaoskia unga utapanda. Mwaka uliofuata Estes, wale watu wa roketi za kuchezea, wakainunua. Ukikosa GOEX, kuna Swiss, ambayo ni safi na kali na bei yake inauma, na kuna Schuetzen ya Ujerumani.

Shida ya pili ni uchafu. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa gesi; inabaki kama masizi na chumvi, mengine yakitoka kama ule moshi mweupe mzito na mengine yakikwama kwa mtutu. Chumvi hiyo hunyonya maji kutoka hewani. Ukiiacha usiku mmoja wa mvua, asubuhi mtutu una kutu. Na ukipiga shoti mbili tatu bila kupitisha kitambaa chenye unyevu, risasi inayofuata itakataa kushuka, na hapo uko porini unasukumana na mdeki.

Pamoja na hayo yote, inawaka. Joto, baridi, cheche dogo, inawaka. Wazee wanaoitetea wana hoja.

Mbadala tatu na tabia zao

Pyrodex ndiyo mbadala wa zamani kati ya hizi. Aliyeibuni, Dan Pawlak, alikufa kwa moto uliolipuka kiwandani kwake katika jimbo la Washington mwaka wa 1977, mwaka ule ule Kenya ilifunga uwindaji. Kampuni ya Hodgdon iliendelea nayo, ikaitengenezea Kansas. Ukiona RS kwa mkebe, hiyo ni ya bunduki ndefu na shotgun. P ni ya bastola na kalibari ndogo. Ujanja wake ni kwamba unaipima kwa kikopo kile kile cha baruti nyeusi, kwa ujazo ule ule, lakini ni nyepesi kwa uzito, kwa hivyo mkebe mmoja unakupa shoti nyingi zaidi. Ubaya wake ni kwamba inaharibu chuma kama baruti nyeusi, na watu wakiskia ni ya kisasa wanadhani wanaweza kusafisha kesho. Safisha siku hiyo hiyo. Nimeona mtutu mzuri umeliwa na kutu ndani kama bati la kibanda juu mwenyewe alirudi amechoka.

Triple Seven, pia ya Hodgdon, haina kiberiti. Haina ile harufu ya mayai yaliyooza, na inasafishwa kwa maji tu. Lakini ina nguvu zaidi. Kwa ujazo ule ule, inazidi baruti nyeusi kwa kama asilimia 15, kwa hivyo kama kipimo chako kilikuwa greini 100 za nyeusi, hapa anza na 85. Mtu akikosa kuiskia hiyo, anashangaa bega linauma na risasi zinatawanyika. Jambo lingine: ikiwashwa na praima kali, huacha pete ngumu ya uchafu ndani ya mtutu, pale pale risasi ilipokuwa imekaa. Risasi ya pili inafika hapo na kukwama, na unaweza kudhani imefika chini. Kuna praima laini zilizotengenezwa kupunguza hilo, na kitambaa chenye unyevu kati ya shoti na shoti ndiyo dawa.

Blackhorn 209 ndiyo mtoto wa mwisho, iliingia sokoni 2008, na ndiyo kipenzi cha wenye magobore ya kisasa. Haichafui sana, unaweza kupiga shoti kadhaa bila kusafisha, na risasi zinaenda kwa kasi nzuri zenye kufanana. Bei yake ni ya juu kuliko zingine. Namba 209 kwa jina si pambo: inataka praima kamili ya 209, na ile kali. Fataki haitoshi, gumegume usijaribu kabisa. Hata baadhi ya magobore ya kisasa hubidi yabadilishiwe plagi ya nyuma ndio moto ufike vizuri. Na kwa sababu kemia yake iko karibu na ya baruti isiyo na moshi, maji hayaisafishi vizuri. Unatumia dawa ya kusafishia bunduki za kawaida.

Kama unaniuliza mimi, mtu anayeanza na gobore la praima ya 209, anayewinda kulungu ndani ya yadi 100, angechukua Blackhorn kama mfuko unaruhusu na plagi yake inafaa. Kama hairuhusu, Triple Seven ya unga, apunguze kipimo na asafishe kila shoti akiwa anafanya mazoezi. Pyrodex ni ya kutumia kama ndiyo iko dukani.

Vidonge ama unga

Pyrodex na Triple Seven pia huja kama vidonge, vile vya kawaida kila kimoja kikihesabiwa kama greini 50. Unadondosha viwili, risasi juu, umemaliza. Kwa asubuhi ya baridi ambapo vidole havina hisia, hiyo ni raha sana. Vidonge vya Pyrodex vina upande mmoja wenye tabaka la baruti nyeusi la kusaidia kuwasha, na upande huo lazima uangalie chini, kwa kiwashio. Ukivigeuza, unaweza kupata "click" badala ya "bam".

Lakini vidonge vinakufunga. Huwezi kuweka greini 85 kwa vidonge vya 50. Na kila mtutu una kipimo chake unachokipenda. Bunduki mbili za kampuni moja, modeli moja, zinaweza kutofautiana. Unga unakuruhusu kutafuta hicho kipimo. Unaanza chini, tuseme 70, unapiga shoti tatu kwa karatasi, unapanda kwa 5 ama 10, unapiga tatu tena, mpaka uone zinakaa pamoja. Mara nyingi zinakusanyika mahali fulani kati ya 80 na 100 halafu zinaanza kutawanyika ukizidisha.

Hapo kwa kuzidisha, kuna magobore yameandikwa yanaweza kubeba hadi 150. Yanaweza, sawa. Baruti nyingi ya hiyo nyongeza inaishia kuwaka mbele ya mdomo wa mtutu, ikipamba hewa. Unachopata ni moshi zaidi, teke zaidi kwa bega, na tabia ya kufumba macho kabla ya kufyatua. Kulungu wa yadi 80 hajui tofauti. Na kiwango cha juu unachopewa na kitabu cha bunduki ndicho cha mwisho, usimwongezee mhandisi.

Kuhusu sheria ya jimbo, hii inaweza kukuharibia wikendi: Colorado, kwa msimu wao wa magobore, hawakubali vidonge kabisa. Unga tu. Darubini pia hapana, na zile risasi za kuvalishwa plastiki hapana. Pennsylvania wana yao. Kila jimbo hutoa kijitabu cha uwindaji kila mwaka na sheria hubadilika, kwa hivyo soma cha mwaka huu, si kile beshte alikuwa nacho kwa gari. Na kama uko huko kwa visa, ongea na wakili kabla ya kununua chochote kinachotoa moshi.

Ujazo si uzito

Haya makosa hufanywa na watu makini, si wazembe, ndio maana nayawekea nafasi yake.

Greini ni kipimo cha uzito, greini 7,000 zikiwa paundi moja. Lakini kwa magobore, mtu akisema "greini 100" karibu kila mara anamaanisha ujazo: kile kikopo cha shaba chenye alama, kilichopimwa kulingana na baruti nyeusi. Kwa baruti nyeusi vitu hivi viwili vinakaribiana, kwa hivyo hakuna aliyejali. Mbadala zikaja, nyepesi, na mambo yakaharibika.

Chukua Blackhorn. Greini 100 za kikopo zina uzito wa kama greini 70 tu. Sasa mtu makini ananunua mizani ya dijitali, anasoma "100," anapima 100 kwa mizani. Ameweka karibu asilimia 43 zaidi ya ile iliyokusudiwa, na ametabasamu akijua amekuwa sahihi. Kwa hivyo ukiona namba mahali popote, uliza: ya kikopo ama ya mizani? Kama hujui, chukulia ni ya kikopo na utumie kikopo.

Usimwage baruti moja kwa moja kutoka kwa mkebe ama pembe ya baruti hadi mtutuni, hata kama umeona kwa filamu. Kaa dogo likiwa limebaki ndani kutoka shoti iliyopita, moto unapanda hadi kwa mkebe wote ulioshika. Mimina kwa kikopo kwanza, funga mkebe, uweke mbali, ndio umwage.

Halafu shindilia hadi mwisho. Risasi lazima ikae juu ya baruti, bila pengo. Ikibaki katikati ya mtutu, presha inaweza kuuvimbisha ama kuupasua. Njia rahisi ni kuchora alama kwa mdeki: moja ikionyesha mtutu mtupu, nyingine ikionyesha ukiwa na mzigo wako kamili. Alama hizo mbili zinakuonyesha risasi imefika, na zinakuonyesha pia kama bunduki tayari ina mzigo ndani.

Hiyo ya mwisho si nadharia. Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza ambaye jina lake lilibandikwa pori kubwa la Tanzania, alianza miaka ya 1870 kusini mwa Afrika na magobore manene ya kuua ndovu, akichota baruti kwa kiganja kutoka mfukoni. Siku moja bunduki ilikataa kuwaka, akampa msaidizi wake aweke fataki nyingine. Msaidizi akaishindilia upya, mzigo mzima juu ya ule uliokuwamo. Selous akafyatua, akarushwa, akaanguka kifudifudi kwa mchanga, na kitako cha bunduki kikavunjika vipande. Alipona na kuandika mwenyewe. Alama kwa mdeki ingemsaidia.

Na bunduki yako ikikataa kuwaka, usiiteremshe kuichunguza. Iache ielekee mahali salama kwa dakika nzima, juu kuna wakati moto unatambaa pole pole ndani kisha inalipuka ukiwa ushaanza kuangalia kwa mdomo wa mtutu.

Nyumbani

Baruti inakaa kwa mkebe wake wa asili, umefungwa, mahali pakavu na baridi, mbali na jiko, hita na watoto. Fegi ni nje, na nje ya mbali. Weka mkebe mmoja tu mezani unaposhindilia ama kupima. Mikebe miwili wazi ndiyo njia ya kuchanganya. Baruti iliyobaki kwa kikopo na hukumbuki ilitoka wapi, usiirudishe popote.

Mbadala zikishafunguliwa huingia unyevu polepole na kupoteza nguvu. Andika tarehe ya kufungua kwa kifuniko na kalamu nzito. Kama mkebe umelala misimu miwili mitatu na unga umeanza kushikana mabonge, usiende nao kwa kulungu wa mwaka.

Usafi wa baruti nyeusi na Pyrodex ni maji moto na sabuni, vitambaa hadi kimoja kitoke cheupe, kausha kabisa, ndio upake mafuta mepesi. Kabla ya shoti ya kwanza ya msimu, futa hayo mafuta yote. Mafuta ya petroli yakikutana na masizi ya baruti nyeusi hugeuka kitu kama lami, ndiyo maana wanaopiga gumegume hupaka risasi zao nta ya nyuki na mafuta ya wanyama. Ukirudi siku ya pili, pitisha kitambaa tena, juu ya kwanza huwa haitoshi.